Majvor, na Yule wa Mwisho Ambaye Hakushonwa

Ni mwaka mmoja na siku nne sasa, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Februari, theluji ikiwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Tangazo hili lilipaswa kutoka siku yenyewe. Baba alisema ataliandika kwa mkono wake, akakaa mezani na kalamu siku tatu, na alichoandika ni jina lako tu. Kwa hiyo naandika mimi, Gunnel, na unajua sina maneno matamu. Utanivumilia kama ulivyonivumilia siku zote.

Waliokujua hawana haja ya kuambiwa lolote. Wasiokujua wajue kwamba Majvor Henningsson wa shamba la Backa, huku kwetu Tanum, alikuwa fundi wa kudarizi, na kwamba kwa miaka thelathini na minane alishona michoro ambayo watu wa kale waliichonga kwenye mwamba ulio nyuma ya zizi letu. Mashua na mabaharia wake, paa wa mwituni, mtu wa shoka, nyayo mbili zisizo na mwenyewe. Maua hukuwahi kushona. Ulisema maua yapo nje, anayeyataka atoke akayatazame.

Kila mtoto aliyebatizwa katika kanisa letu ulimpa kitambaa kidogo chenye mashua moja. Hukuuliza kama wewe na wazazi wake mnasalimiana. Hata yule jirani aliyekuwa hasemi na Baba kwa ajili ya uzio wa mpakani, mwanawe alipata mashua, tena yenye mabaharia kumi na mmoja, na Baba akanuna siku nzima. Ulimwambia, "Mtoto hana uzio, Holger. Kunywa kahawa yako."

Kahawa yako wewe uliimimina kwenye kisosi, ukaipuliza, kidonge cha sukari kikiwa kati ya meno. Mama mdogo Asta alikuwa anakuonea aibu mbele ya wageni. "Majvor, vikombe vipo," anakwambia. Nawe unamjibu, "Vipo, ndiyo. Unadhani hiki kisosi nimekitoa wapi?"

Nakumbuka ulivyofanya kazi. Ulilaza karatasi nyembamba juu ya mwamba, ukapiga magoti kwenye kipande cha godoro, ukasugua kwa karatasi ya kaboni na kishada cha nyasi mpaka karatasi ikawa nyeusi, na kila palipochongwa pakabaki peupe. Kisha nyumbani unahamishia mchoro kwenye kitani kwa ile kalamu ya buluu inayofutika kwa maji, unashona juu yake kwa uzi wa sufu ya kijivu, na kitambaa kikishakwisha unakiosha kwa maji ya uvuguvugu. Buluu inakwenda na maji, kinabaki kilichoshonwa. Kuosha ilikuwa kazi yetu mimi na wewe. Tulikiviringisha kwenye taulo, wewe ncha hii na mimi ncha ile, tukakandamiza maji yatoke bila kukikamua.

Tangu nikiwa na miaka saba nimekusaidia kuosha. Ulikuwa unawaambia watu, "Gunnel akiona beseni lazima aloweke kitu. Siku moja ataniloweka mimi." Tulikuwa tunacheka.

Na ubishi wako wa rangi nyekundu, nani atausahau? Wageni walikuja na mabasi yao kuangalia miamba mikubwa kule barabarani, ile iliyopakwa nyekundu ili ionekane, halafu wanapita kwetu kununua, na lazima mmoja aulize kwa nini mashua zako ni za kijivu.

"Kwa sababu mwamba ni wa kijivu," unamjibu.

"Lakini kule ni nyekundu, mama."

"Kule wamepaka. Mtu kapita na brashi, kapaka anachodhani kaona. Mimi nashona nilichogusa."

Wengi waliondoka bila kununua. Torkel, mwanao mkubwa, alikusihi ushone hata mbili tatu nyekundu kwa ajili yao. Ukamwambia kama anataka nyekundu, sindano ile pale. Torkel alishika sindano dakika kumi, akajichoma mara nne, na nyekundu pekee iliyoonekana ni ile ya kidole chake.

Mama, sasa nafika pale ninapoogopa kufika.

Kitambaa kikubwa ulikianza mwaka ule Baba alipouza ng'ombe. Ulitaka mwamba wote uwe mahali pamoja, kila kilichomo, kama ulivyo. Miaka sita ulikishona. Mashua kumi na moja, paa saba, mtu wa shoka, nyayo. Pembeni, chini upande wa kulia, ukaacha nafasi ya kiganja kimoja. Tulipokuuliza ni ya nini, ulisema ni ya yule wa mwisho.

Huyo wa mwisho ulimpata wewe. Hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Ulikuwa unabandua yale magamba ya kijivu yanayoota mwambani, kule chini karibu na ufa, kidole gumba kikapita mahali kikasita. Ukaweka karatasi, ukasugua, karatasi haikumshika, amechongwa juujuu mno na amelika. Kidole chako tu ndicho kilimjua. Baba alitaka uwaite watu wa makumbusho. Ukakataa.

"Watakuja na brashi," ulisema. "Acha kwanza nimshone. Nikimaliza nawaita."

Ulitandaza kitambaa chenyewe juu ya mwamba, ukafumba macho, ukampapasa kwa kidole cha mkono wa kushoto huku wa kulia ukifuata kwa kalamu ya buluu. Siku mbili mfululizo, kwa subira ile tuliyokuwa tukikucheka. Uliporudi jikoni magoti yalikuwa yamekufa ganzi na ulikuwa unatabasamu peke yako. Nikakuuliza yukoje.

"Ana mikono," ulisema. "Mengine msubiri."

Tukasubiri. Mchoro wa buluu ulikuwa pale, kwenye kona ya kitambaa, kwenye fremu yako ya mviringo kando ya dirisha, mwezi mzima wa Septemba. Tulipita tukaweka vikombe karibu yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama akatazama. Tulidhani tutamwona akishashonwa.

Kisha kile kikohozi. Kisha hospitali, na Oktoba yote, na Novemba. Kila alasiri Baba aliendesha gari kwenda kukaa nawe, na kila alasiri ulimuuliza jambo lilelile. Mwamba kaufunika? Maana kila mwaka majani yakianza kupukutika, ninyi wawili mlitandika yale magodoro membamba juu ya michoro, mkafunika turubai, mkalaza mawe juu, ili maji yasiingie kwenye nyufa yakaganda yakaupasua. Kazi ya siku moja kwa watu wawili.

"Nimeufunika," Baba alikujibu. Nilikuwepo. Nilimsikia.

"Na kule chini kwenye ufa?"

"Na kule chini. Lala sasa."

Ukalala. Ulikuwa unalala vizuri ukishaambiwa hivyo, wauguzi wenyewe walisema. Na mpaka Januari ulikuwa bado unahesabu. "Nikirudi nina kazi ya siku nne tu," uliniambia, ukinionyesha vidole vinne. "Nne, halafu tunaosha."

Hukurudi.

Baada ya mazishi watu wangekuja ukumbi wa kanisa kunywa kahawa ya kukukumbuka, na Mama mdogo Asta akasema ni lazima kitambaa kikubwa kitundikwe ukutani, watu waone. Nilikitoa kwenye fremu jioni ya kabla yake. Ukingoni kulikuwa na doa la kahawa, pana kama sarafu. Nikasema haiwezekani Mama atundikwe na doa. Nikajaza beseni maji ya uvuguvugu, nikakiloweka.

Sijui nikuambie nini, Mama. Najua ile kalamu tangu utoto. Nimeiona ikiondoka na maji mara mia mbili. Lakini mikono yangu ilikuwa inajua jambo moja tu, kwamba kitambaa chako kikishuka kwenye fremu kinaoshwa, na kuoshwa maana yake kimekwisha. Wewe ulikuwa umekwisha, na mimi nikaosha kama kazi nayo imekwisha. Nilikuwa nalia, lakini sitasingizia machozi. Niliangalia doa, sikuangalia kona.

Nilipokiinua, doa lilikuwa palepale. Kona ilikuwa nyeupe.

Nilimpigia simu Mama mdogo Asta. Akaja na viatu vya nyumbani kwenye theluji. Alisema wakati mwingine buluu hurudi kitambaa kikikauka, yeye ishamtokea. Basi tukakitandaza kwenye viti viwili karibu na jiko, tukakaa tunakitazama kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Kikakauka. Haikurudi. Asta akanishika bega akasema, "Gunnel mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki." Nikamwambia tafadhali asinitajie maji.

Kesho yake kitambaa kilitundikwa. Watu walisimama mbele yake na vikombe vyao na mikate ya mdalasini, wakasifu. Bibi mmoja wa kwaya akaniuliza kuhusu ile nafasi tupu ya pembeni. Nikamjibu kwamba uliiacha makusudi. Maneno yalitoka yenyewe. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima unasimulia kwamba Majvor aliacha nafasi makusudi, na mchungaji akasimama akazungumza vizuri sana juu ya nafasi ambazo wapendwa wetu wanatuachia, watu wakafuta macho. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Tumaini letu likawa mwamba. Torkel alisema mchoro umefutika kwenye kitambaa, lakini jiwe lipo, Aprili tutakwenda tutamtafuta kwa vidole mpaka apatikane. Theluji ilipoyeyuka tukashuka wote wanne, Baba akiwa nyuma, anatembea polepole kuliko kawaida yake. Tulipozunguka zizi tukaona mwamba uko wazi. Hakuna magodoro wala turubai. Na kule chini, kando ya ufa, kipande cha upana wa sinia kilikuwa kimebanduka, kimelala kwenye matope vipande vidogovidogo, vingine laini kama makapi.

Baba akasema, "Kila siku nilisema kesho. Halafu ikaganda. Ningemwambiaje?"

Nilimfokea, Mama. Mbele ya Torkel na Asta nilimfokea mzee wa miaka sabini na tisa kwamba amekudanganya kitandani. Mimi niliyekufuta kwa beseni. Baba aliinama akaanza kuokota vile vipande, anavitia kwenye kofia yake, mpaka Torkel akamshika mkono akamwambia, "Baba, inatosha."

Tukawaita watu wa makumbusho. Walikuja wawili na taa zao na kamera, wakamulika kutoka ubavuni, wakapiga picha kila inchi, na vile vipande vya kwenye kofia wakavipanga juu ya shuka nyeupe. Walikuwa watu wema, na hata brashi hawakuja nayo. Mwisho dada mmoja akanikalisha ngazini akaniambia kwamba hawaoni kitu. Kisha akasema, kwa upole, kwamba mwamba nao una mabonde yake, na kidole kilichozoea kutafuta huweza kukuta pasipo na kitu.

Nilimwambia kidole cha mama yangu hakikuwa cha kudanganyika. Akasema anaamini. Aliniangalia vile watu wanavyomwangalia mfiwa.

Basi akabaki Baba. Torkel ndiye aliyekumbuka. Agosti ile, kabla ya kikohozi, ulimshika Baba mkono ukamshusha mwambani, ukamlazimisha kufumba macho, ukampitishia kidole gumba chake juu ya yule wa mwisho kutoka kichwani mpaka miguuni. Mlirudi mmeshikana mikono, na mezani Baba akatuambia, "Nimemhisi. Kweli yupo." Ulifurahi mpaka ukatoa ile jemu ya beri uliyokuwa umeificha.

Tulimwekea Baba karatasi na penseli. Tulimwambia achore chochote anachokumbuka, hata vibaya. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu nilimpelekea samaki na viazi, nikakuta karatasi ni nyeupe na penseli imechongwa mpaka imebaki nusu.

"Gunnel," akaniambia, "sikuhisi kitu."

Nikauliza lini.

"Siku ile na mama yako. Kidole hiki kina sugu ya miaka hamsini ya kamba na mawe, hakihisi hata moto wa kiberiti. Alikuwa amenishika, ananiangalia usoni. Aliniuliza, unamhisi? Ungefanyaje wewe? Nikasema ndiyo."

Nikakaa. Nilichukua kidole kile nikakitazama, na kweli, ni kama ngozi ya kiatu.

Hapo ndipo tulipo, Mama. Torkel anasema alikuwa ameinua mikono miwili, anakumbuka aliona buluu mbili juu. Asta anaapa ulikuwa mkono mmoja, na kwamba alikuwa mwanamke. Mimi nadhani alikuwa ameinama, lakini labda nakukumbuka wewe juu ya mwamba. Tumepekua makabati, tumefungua kila bahasha ya karatasi zako, zile mashua zote na paa wote. Hakuna. Tungekuwa na sindano mia tusingejua pa kuanzia. Asta alitaka tushone mtu tu, yeyote mwenye mikono, ili kitambaa kikamilike. Baba akakataa kabisa. Alisema, "Hiyo ndiyo brashi sasa." Asta akaona haya, akalia, tukamwekea kahawa. Aliinywa kwenye kisosi.

Siku nne zilizopita, mwaka wako ulipotimia, tulikwenda makaburini tukawasha taa ya mshumaa juu ya kaburi lako kwenye theluji, ikazimwa na upepo mara tatu, ya nne ikashika. Tuliporudi, Torkel na Asta walikwenda kuegesha gari. Baba alitangulia ndani, na nilipoingia alikuwa ameketi kando ya dirisha, kitambaa kimetandazwa mapajani, na lile doa lako la kahawa pembeni. Kidole gumba chake kilikuwa kwenye ile nafasi tupu, kinakwenda polepole, kinashuka, kinarudi juu.

"Njoo," akaniambia. "Weka chako hapa."

Nikapiga magoti, nikaweka. Akanishika kidole akanipitisha kutoka juu mpaka chini, kama vile wewe ulivyompitisha yeye. Mikono yangu ni ya maji na sabuni, Mama, ni laini, inahisi kila uzi wa kitani. Ilikuwa kitani.

"Unamhisi?" akauliza.

Nikamtazama usoni. Amekonda sana tangu uondoke. Nikamwambia, "Ndiyo, Baba. Namhisi."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Ana mikono," akasema.

"Ndiyo. Ana mikono."

Tukakaa hivyo mpaka Torkel aliporudi akauliza mbona hatujawasha taa.

Wanaokukumbuka ni mumeo Holger, ambaye bado anaweka vikombe viwili kila asubuhi. Mwanao Torkel na mkewe Ylva. Mdogo wako Asta. Watoto wote wa kanisa letu wenye mashua ukutani, na wengine wao sasa wana watoto. Na mimi binti yako Gunnel, mwenye beseni.

Utusamehe mwamba, Mama, na utusamehe maji. Hatutaacha kukukumbuka siku zote tulizobakiza, na kitambaa chako hakitaoshwa tena.